Thunderbolt ya mtumba: nilichopata nilipotaka kujua megahezi 10 ni ngapi hasa

Nianze na hukumu kwa ajili ya wasio na subira. Kama una vipimo viwili vya masafa vinavyobishana na unataka mwamuzi, tafuta kwanza osileta (kifaa kinachotoa mawimbi ya masafa maalumu) inayoongozwa na GPS, kabla ya rubidiamu (saa ya atomiki ya mezani), kabla ya kaunta mpya ya kuhesabu masafa, kabla ya chochote. Na kati ya zile zinazouzwa mitumba, Thunderbolt ya kampuni ya Trimble ndiyo ningeichukua tena kesho. Ila mtu akikuuzia kwa kukusomea namba ya usahihi iliyo kwenye karatasi ya sifa, mwache amalize, kisha muulize: usahihi wa muda gani? Wa sekunde moja, wa nusu saa au wa siku nzima? Kisanduku hiki kina majibu matatu tofauti kwa swali hilo, na karibu kila nitakachosema hapa chini kinatokana nayo.

Kazi yangu ni kutengeneza redio za mawasiliano, na usiku nachezea saa. Mezani nina kaunta mbili. Niliziunganisha na chanzo kimoja cha megahezi 10: moja ikasoma 10,000,003, nyingine 9,999,996. Zote zina tarakimu nyingi za kupendeza, zote hazitetereki, na kaunta ya tatu isingesaidia kitu zaidi ya kunipa jibu la tatu. Kaunta haijui hezi ni nini. Inalinganisha mawimbi yanayoingia na kristali yake ya ndani, na kristali hiyo ikishazeeka, kosa lake linahamia kwenye kila unachopima. Sekunde yenyewe, tangu mwaka 1967, ni mizunguko 9,192,631,770 ya mnururisho wa atomu ya seziamu, na hakuna kaunta yangu hata moja iliyowahi kukutana na seziamu.

Setilaiti za GPS ndizo zilizo karibu zaidi na habari hiyo. Zinazunguka kilometa 20,200 juu ya ardhi zikiwa na saa za atomiki, na vituo vya ardhini vinazichunga usiku na mchana. Hata mambo ya Einstein yameshahesabiwa: saa iliyo huko juu hutangulia ya ardhini kwa takriban mikrosekunde 38 kwa siku, kwa hiyo masafa yake ya msingi, megahezi 10.23, yamepunguzwa kidogo tangu kiwandani ili sisi wa huku chini tuyapokee yakiwa sawa. Kazi ngumu imeshafanywa na watu wengine, na matokeo yake yanafika bure kwenye paa la kila mtu.

Sasa kisanduku chenyewe. Thunderbolt ilitengenezwa kwa ajili ya mitandao ya simu, ambako minara inatakiwa ikubaliane saa kwa kiwango kikali sana. Mitambo ya minara ilipobadilishwa, visanduku hivi viling'olewa na kuingia sokoni. Changu kilikuja na mikwaruzo ya skrubu za rafu na vumbi la miaka. Ndani yake kuna kristali ya kwatsi ya megahezi 10 iliyofungiwa kwenye kijitanuri kinachoiweka katika joto lisilobadilika, kuna kipokezi cha GPS, na kuna kichakataji kinachopima tofauti kati ya hivyo viwili na kuisukuma kristali kwa volti ndogo ili irudi kwenye mstari. Nje kuna tundu la antena, tundu la megahezi 10, tundu la mpigo mmoja kila sekunde, tundu la siriali la pini tisa na tundu la umeme. Basi. Hakuna skrini. Usipounganisha kompyuta hutajua kama kinafanya kazi au kimelala.

Kilichonifanya nikipende kimefichika. Vipokezi vingi vidogo vya GPS vina saa yao wenyewe, na mpigo wa sekunde hutolewa kwenye tiki ya saa hiyo iliyo karibu zaidi na sekunde halisi. Kwa hiyo mpigo unarukaruka mbele na nyuma kwa nanosekunde (sehemu za bilioni za sekunde) nyingi, na ukiuchora kwenye grafu unaona meno ya msumeno. Thunderbolt haina meno hayo, kwa sababu kipokezi chake kinaendeshwa na kristali ileile ya megahezi 10 inayorekebishwa. Aliyeibuni alijua anachofanya. Hata leo kuna vifaa vipya vinavyouzwa kwa madaha, vyenye skrini ya rangi, ambavyo ndani bado vinapambana na msumeno.

Umeme ndio kero ya kwanza. Kinataka volti tatu: 12 chanya, 5 chanya na 12 hasi. Muuzaji aliniwekea pawasaplai iliyoungwaungwa kutoka kwenye kifaa kingine, na nilipotazama wimbi la megahezi 10 kwenye kipokezi changu nikaona vijiwimbi vimesimama pande zote mbili za wimbi kuu, kwa umbali ulio sawa. Hiyo ni kelele ya pawasaplai ya swichi. Kwa mtu anayetaka tu kuendesha kaunta, si neno. Kwa anayetaka kuzidisha masafa hadi gigahezi, kelele hiyo inazidishwa pamoja nayo. Nikatengeneza ya kwangu: transfoma, kapasita za kutosha, na reguleta za kizamani, 7812, 7805 na 7912. Ile ya 12 chanya ipe kipoza-joto cha maana, maana kijitanuri kikiwa bado baridi kinakula umeme kwa pupa dakika za mwanzo. Vijiwimbi vikatoweka.

Kwenye antena nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo watu wanapokilaumu kisanduku bila kosa.

Antena inayohitajika ni ile yenye kikuza mawimbi ndani yake, inayolishwa volti 5 kupitia kebo hiyohiyo ya mawimbi. Tundu la upande wa kisanduku ni la aina ya F, lile la nyuma ya televisheni, la omu 75. Nimetumia kebo ya kawaida ya dishi la setilaiti. Watu wa maabara hukunja uso wakisikia hivyo, lakini GPS inarusha kwenye megahezi 1575.42, na kebo ya dishi imetengenezwa kupitisha masafa ya kiwango hichohicho. Haina tatizo.

Mahali pa kuiweka ndipo penye tatizo. Kwanza niliipachika dirishani. Kipokezi hiki kina njia nane tu, yaani kinaweza kufuata setilaiti nane kwa wakati mmoja. Dirishani zilionekana nne, wakati mwingine tano, zote upande mmoja wa anga, na baadhi ya mawimbi yalikuwa yanafika kwa kurudishwa na ukuta wa jirani. Wimbi lililogonga ukuta limesafiri njia ndefu kuliko lililokuja moja kwa moja. Kila mita moja ya ziada ni nanosekunde 3.3. Grafu ya wakati ilikuwa inapanda na kushuka siku nzima na kurudia umbo lilelile siku iliyofuata, likiwahi dakika chache, kwa sababu setilaiti hurudi mahali pake kila baada ya takriban saa 23 na dakika 56. Ukiona grafu yako ina umbo la kujirudia namna hiyo, usiguse kisanduku. Hamisha antena.

Niliipandisha juu ya paa, kwenye bomba, ikiona anga pande zote. Njia nane zikajaa na ile milima kwenye grafu ikalala. Hakuna kitu kingine nilichokifanya kwenye mradi huu mzima kilicholeta tofauti kubwa kama hiyo bomba.

Ukishaiweka mahali pa kudumu, kisanduku kinajipima mahali kilipo. GPS ya kawaida, kama ya simu, inatafuta vitu vinne visivyojulikana kwa pamoja: mahali katika pande tatu, na wakati. Kisanduku kikishajua mahali, vitatu vinaondoka na setilaiti zote zinatumika kujibu swali moja tu la wakati. Hata setilaiti moja ikibaki inatosha. Kikiachwa chenyewe, Thunderbolt huchukua vipimo 2,000 vya mahali, kimoja kila sekunde, zaidi kidogo ya nusu saa, kisha hutoa wastani. Hiyo ni haraka mno. Programu nitakayoitaja inaweza kupima kwa saa 48, na inafaa kuisubiri, kwa sababu ukikosea kimo cha antena kwa mita tatu umejiongezea takriban nanosekunde 10 zinazobadilika kadiri setilaiti zinavyozunguka.

Kebo nayo ina ucheleweshaji wake, karibu nanosekunde 5 kwa kila mita kwa kebo ya kawaida. Mita 20 ni nanosekunde 100. Kuna mahali pa kuiingiza namba hiyo. Kama unachotaka ni masafa peke yake unaweza kuipuuza, kwani ucheleweshaji usiobadilika haubadilishi kasi ya mapigo. Kama unataka mpigo wako uangukie kwenye sekunde ya kweli, pima kebo kwa futi ya kupimia na uijaze.

Programu ni Lady Heather, ya bure, iliyoandikwa na watu wa fani hii kwa ajili ya kifaa hikihiki kabla haijajifunza vipokezi vingine. Sura yake ni ya kizamani na amri zake ni herufi mojamoja za kibodi. Siku ya kwanza utaichukia. Baadaye hutaki nyingine: inaonyesha volti inayoisukuma kristali, joto la ndani, tofauti ya wakati katika nanosekunde, setilaiti zilizoko angani na nguvu ya kila moja, zote kwenye grafu zinazosogea. Ukiwasha kisanduku baridi unaona volti ikiserereka kwa kasi, halafu polepole, halafu baada ya siku kadhaa inabaki mteremko mdogo sana usioisha. Mteremko huo ni kuzeeka kwa kristali, na kwenye kisanduku cha umri huu unapendeza kwa jinsi ulivyo mdogo. Kwatsi iliyokaa kwenye joto lilelile kwa miaka mingi hutulia kuliko ya kiwandani jana. Hapa mtumba unaushinda mpya, jambo lisilotokea kwenye vifaa vingi.

Turudi kwenye majibu matatu.

Kristali ni mpiga kasia mwenye mkono laini aliyefungwa macho. GPS ni mtu aliye ufukweni anayemwelekeza kwa kelele, kushoto, kulia, na upepo unaichezea sauti yake. Anayepiga kasia akisikiliza kila neno, chombo kitayumba kwa kufuata upepo. Akisikiliza mara chache mno, atakuwa amepotea mbali kabla ya kurekebishwa. Kuna namba kwenye Thunderbolt inayoamua asikilize kwa kipimo gani: kiwandani imewekwa sekunde 100. Hiyo ni namba ya mwenye mnara, anayetaka kifaa kiwe tayari upesi na kivumilie joto la mchana na baridi ya usiku. Kwa sisi tulio na chumba kilichofungwa na muda wa kusubiri, ni fupi mno, na kelele ya GPS inapenya hadi kwenye megahezi 10. Nimeipandisha hadi 500 na kifaa kikatulia waziwazi. Nilipojaribu 1,000, grafu ikawa nzuri usiku na mbaya mchana, kwa sababu joto la chumba lilibadilika haraka kuliko kisanduku kilivyoruhusiwa kujirekebisha. Nikakifunika kwa boksi la karatasi ngumu kisipigwe na feni, na 1,000 ikawezekana. Boksi liwe na nafasi. Ukikibana kwa sponji kitachemka.

Kupima kitu kama hiki ni shughuli yenyewe. Njia rahisi haihitaji kaunta: chukua oskiloskopu ya njia mbili, iongoze kwa megahezi 10 ya Thunderbolt, na njia ya pili weka osileta unayoichunguza. Wimbi la pili litateleza pembeni. Mzunguko mmoja wa megahezi 10 ni nanosekunde 100, kwa hiyo likiteleza mzunguko mzima ndani ya sekunde 100, tofauti ni sehemu 1 katika bilioni. Likichukua zaidi kidogo ya siku nzima, ni sehemu 1 katika trilioni, na kufikia hapo utakuwa umeshachoka kuangalia. Kaunta zangu zote mbili nilizichunguza hivyo na kuzirekebisha skrubu zake kwa bisibisi ya plastiki, na kwa matumizi ya fundi wa redio safari ingeweza kuishia hapo.

Haikuishia. Nikachukua TICC, kaunta ya muda inayotolewa na TAPR, jumuiya ya wapenzi wa redio ya Marekani. Ni bodi inayokaa juu ya Arduino Mega, bodi ndogo ya kuprogramu, inaomba megahezi 10 kutoka nje kama rejeo lake, na inaandika saa ya kila mpigo unaoingia kwenye njia zake mbili kwa upambanuzi wa takriban pikosekunde 60. Ili kupata mpigo wa sekunde kutoka kwenye megahezi 10 ya osileta nyingine, nilitumia picDIV, programu ya Tom Van Baak inayogeuza PIC, kijichipu chenye miguu minane, kuwa kigawanyi cha milioni 10. Namba zinazotoka nilizichora kwa programu ya TimeLab kama mkengeuko wa Allan, kipimo alichokipendekeza David Allan mwaka 1966, ambacho kinakuambia masafa yanatofautiana kwa kiasi gani kutoka kipande kimoja cha muda hadi kinachofuata, kwa kila urefu wa kipande unaoutaka.

Hapa inabidi mtu awe mkweli kuhusu chombo chake. Pikosekunde 60 kwa sekunde moja ni sehemu 60 katika trilioni, ilhali kristali nzuri ya kijitanuri ni tulivu kuliko hapo mara nyingi. Kwa hiyo upande wa kushoto wa grafu yangu, kuanzia sekunde 1 hadi mamia kadhaa, unaonyesha kelele za TICC na si za Thunderbolt. Ukikutana na grafu ya mtu yenye mstari ulionyooka kabisa ukishuka kutoka kushoto, mara kumi ya muda ikileta moja ya kumi ya kelele, jua unaangalia kaunta yake. Wengi wanaisifu au kuiponda osileta kwa mstari huo.

Nilichopima nacho ni rubidiamu, nayo ya mtumba, nayo iliyotoka kwenye mitambo ya simu. Atomu ya rubidiamu inayotumika hujibu kwenye masafa ya takriban hezi 6,834,682,611, na kifaa kinaifunga kristali yake kwenye jibu hilo. Inakuwa tayari dakika chache baada ya kuwashwa na inatoa joto la kukausha soksi. Watu wengi huanza na rubidiamu kwa sababu ya jina: saa ya atomiki mezani! Ukiziweka pamoja unaona kila mmoja ana uwanja wake. Kwenye sekunde moja mpaka kumi, kristali ya kijitanuri ndiyo bingwa, japo TICC yangu haiwezi kuona na nategemea sifa zake zilizochapishwa. Katikati, kuanzia dakika kadhaa hadi saa moja au zaidi, rubidiamu ilimshinda Thunderbolt bila ubishi, hasa nilipoiacha Thunderbolt kwenye ile namba ya sekunde 100. Kufikia siku nzima mambo yakageuka: Thunderbolt ikaendelea kushuka kwenye grafu na rubidiamu ikaanza kunyanyua kichwa, kwa kuwa taratibu inahama na hakuna anayeiambia.

Ndiyo maana nasema uanze na GPS. Rubidiamu peke yake ni tulivu sana kwenye namba ambayo huna njia ya kujua kama ndiyo. Ilipofika kwangu ilikuwa mbali na megahezi 10 kwa kiasi ambacho kristali yoyote iliyorekebishwa ingejivunia kutofika, na bila Thunderbolt nisingejua. Karatasi ya Thunderbolt inadai sehemu 1.16 katika trilioni kwa wastani wa siku moja, na mpigo ndani ya nanosekunde 20 za UTC, saa rasmi ya dunia, kwa sehemu kubwa ya wakati. Dai la kwanza naliamini kwa kuangalia rubidiamu na kisanduku kwa wiki nzima. La pili sina cha kulipimia. Kwa hesabu, sehemu 1 katika trilioni kwa siku nzima ni nanosekunde 86 tu.

Kuna ngazi za juu zaidi. Huyo Tom Van Baak, Septemba 2005, alipakia saa tatu za seziamu kwenye gari la familia pamoja na watoto, akapanda nazo Mlima Rainier huko Marekani, wakalala huko siku mbili na kurudi. Saa zilizokaa mlimani zilikuwa zimetangulia zile zilizobaki nyumbani kwa takriban nanosekunde 22, kama nadharia inavyotaka. Kila mita ya kimo inaongeza kasi ya saa kwa karibu sehemu 1 katika namba ya 1 yenye sifuri 16. Thunderbolt haiwezi kukuonyesha hilo, maana popote uipelekapo inafuata setilaiti zilezile. Kwa safari kama hiyo unahitaji saa isiyomsikiliza mtu.

Mambo mawili ya kukushtua siku ya kwanza. Kalenda: namba ya wiki inayorushwa na GPS ina biti 10 tu, kwa hiyo baada ya wiki 1,024 inarudi sifuri, na kila kipokezi cha zamani kina siku yake ya kuchanganyikiwa. Ya Thunderbolt ilikuwa 30 Julai 2017, ambapo kalenda yake iliruka nyuma hadi 14 Desemba 1997. Megahezi 10 na mpigo havikuguswa hata kidogo. Lady Heather inajua kuongeza hizo wiki zilizopotea, lakini ukikusudia kuilisha tarehe hiyo seva ya saa moja kwa moja, programu yako lazima ijue kufanya hivyo pia. La pili ni sekunde 18. Wakati wa GPS hauna sekunde za nyongeza, na tangu ile ya mwisho ya 31 Desemba 2016 umetangulia UTC kwa sekunde 18. Kisanduku kinaweza kutoa kimojawapo, chagua. Na kikitoka kuwashwa kinaweza kuchukua zaidi ya dakika kumi kabla hakijajua tofauti hiyo, kwa kuwa ujumbe kamili wa setilaiti huchukua dakika 12 na nusu kumalizika.

Nilichomoa antena usiku mmoja ili nione kitajitegemea vipi. Hadi asubuhi mpigo ulikuwa haujahama hata mikrosekunde moja dhidi ya rubidiamu. Mvua na radi zikija nachomoa bila wasiwasi.

Asinunue nani? Anayetaka tu kompyuta zake ziende na saa. Kwa hilo, kijimoduli kidogo cha GPS chenye mpigo wa sekunde na kompyuta ya bodi moja yenye chrony (programu ya kulinganisha saa za kompyuta) kitakufikisha kwenye mikrosekunde, na mtandao hauna haja ya zaidi. Asinunue pia anayehamahama na kifaa: kila ukisogeza antena kipimo cha mahali kinaanza upya, na kristali ikipinduliwa upande tu masafa yake hubadilika, kwa kuwa mvutano wa dunia unaibana kwa namna nyingine.

Ukiamua kununua, mwombe muuzaji picha ya Lady Heather ikiwa imefanya kazi kwa siku nzima. Angalia volti ya kuisukuma kristali: ikiwa iko katikati ya nafasi yake, kuna miaka mingi mbele, ikiwa imekaribia ukingo, kristali imezeeka kuelekea upande ambao hivi karibuni kisanduku hakitaweza kuifuata. Angalia kama kengele zote ziko kimya na setilaiti ni zaidi ya tano. Uliza kama antena imo. Pawasaplai hata ikiwemo, hesabu kwamba utatengeneza yako. Akikutumia picha ya nje ya kisanduku pekee, tafuta muuzaji mwingine.